Saba Waliolala Tervuren

Alimbongo ni kwenye baridi. Kijiji kimekaa juu ya vilima vya Lubero, mashariki mwa Kongo, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kando ya barabara ya Butembo kwenda Goma. Asubuhi ukungu hufunika mashamba ya viazi, na watoto huota moto kabla ya kwenda shule. Nimezaliwa huko. Ndiyo maana, siku ya kwanza niliposimama kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, Tervuren, Ubelgiji, nilielewa upesi jinsi waliolala pale walivyokufa.

Ni Wakongomani saba: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Tahajia ya majina yao hubadilika kutoka kitabu hadi kitabu, na hilo peke yake linauma: waliowaleta hawakujali kuwauliza vizuri wanaitwaje.

Mwaka 1897 Brussels ilifanya Maonyesho ya Dunia. Mfalme Leopold wa Pili, ambaye hakukanyaga Kongo hata siku moja, alitaka Wabelgiji waipende koloni yake. Sehemu ya Kongo ikawekwa Tervuren, na barabara pana ikajengwa kutoka mjini hadi huko. Tramu namba 44 bado inaifuata. Wanaume, wanawake na watoto 267 waliletwa kwa meli, wakakalishwa katika vijiji vya kuigiza ndani ya bustani ya mfalme. Mchana walipiga makasia, wakapika na kucheza ngoma mbele ya watazamaji. Usiku walilazwa katika mazizi ya farasi. Watazamaji walipita milioni moja. Kiangazi kile kilikuwa cha mvua na baridi. Kwetu, anayejua baridi hujiandaa: moto, blanketi, nyumba iliyozibwa upepo. Wale walitoka nchi za joto, wakashinda kwenye vibanda vya maonyesho. Mafua na vichomi vikawaondoa mmoja baada ya mwingine.

Hawakupewa hata maziko ya heshima. Walitupwa katika kaburi la pamoja, sehemu isiyobarikiwa ya makaburi ya mji, na ni mwaka 1953 tu walipohamishiwa ubavuni mwa kanisa. Miaka mitano baadaye, katika Maonyesho ya 1958, Brussels ilijenga tena kijiji cha Wakongomani. Watazamaji wakawatupia ndizi na karanga. Safari hii waliokuwa ndani walikataa, wakarudi kwao kabla maonyesho hayajafungwa.

Maonyesho ya 1897 ndiyo yaliyozaa Makumbusho ya Afrika ya Tervuren, ambayo jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 1910. Ndani yake kuna ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo kati ya 1876 na 1908. Mchongaji wetu, Freddy Tsimba, aliandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha yaliyo mkabala. Jua likiwaka, vivuli vya majina yao hutambaa juu ya ukuta ule. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika jumba zima. Lakini siku za mawingu haionekani, na Ubelgiji ina mawingu mengi.

Mwezi Desemba 2024 vita vilifika Alimbongo, na watu wengi wakakimbilia Lubero na Butembo. Anayefia ukimbizini huzikwa ugenini, matanga yake hukaliwa na wachache, na makaburi ya wazazi hubaki nyuma bila wa kuyapalilia. Tangu hapo, nikienda Tervuren, siendi kama mtalii. Naenda kama jamaa ya marehemu.

Ndugu yangu unayeishi Ubelgiji, au utakayepita huko: kabla ya kununua tiketi ya makumbusho, anza kanisani. Si mbali. Simama mbele ya makaburi yale, uyasome majina yote saba kwa sauti.