Bingwa Aliyesubiri Mkataba Ufe

Usiku wa tarehe 22 Januari 2022, mjini Anaheim, California, Francis Ngannou alisimama katikati ya kizimba akisubiri kuvikwa mkanda wa uzito wa juu alioutetea punde tu dhidi ya Ciryl Gane. Kwa desturi ya UFC, kampuni ya mapigano mchanganyiko, kumvika bingwa mkanda ilikuwa kazi ya rais wake wa wakati huo, Dana White. Usiku ule White hakutokea kizimbani, wala hakufika kwenye mkutano wa waandishi wa habari uliofuata. Mkanda ulifungwa na ofisa mwingine. Watazamaji wengi walikuwa wanashangaa jambo tofauti kabisa: mtu aliyezoeleka kulaza wenzake kwa ngumi moja alikuwa ameshinda kwa mieleka, kwa pointi, huku goti lake likiwa limeumia tangu mazoezini na raundi mbili za mwanzo akiwa amezidiwa. Ulikuwa mshangao wa haki. Hata hivyo, anayetaka kuielewa kazi ya Ngannou atapata mengi zaidi kwa kuutazama ule mkono uliokosekana kwenye mkanda. Pambano gumu kuliko yote aliyowahi kupigana lilikuwa dhidi ya karatasi, na karatasi hiyo ilikuwa imeshawashinda wakubwa kabla yake.

Simulizi inayopendwa ni nyingine, na kila mtu anaijua. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1986 huko Batié, magharibi mwa Kamerun, anashika sepetu akiwa bado mdogo, anachimba mchanga na kuupakia kwenye malori. Anaanza ndondi akiwa na miaka 22, umri ambao mabondia wengi wameshapigana miaka kumi. Mwaka 2012 anaondoka, anapita Nigeria, Niger na Algeria hadi Moroko, anajaribu bahari mara kadhaa na kurudishwa, anafika Uhispania na kuwekwa kizuizini miezi miwili, kisha mwaka 2013 yuko Paris, analala kwenye maegesho ya magari. Huko anashauriwa aachane na ndondi tupu, ajaribu mapigano mchanganyiko, ambapo fedha hupatikana upesi zaidi. Yote haya ni kweli, na hakuna sababu ya kuyapunguza. Tatizo ni kwamba simulizi hii imekuwa ikiuzwa na wale wale waliokuwa wakimlipa. Kampuni ilipenda machimbo ya mchanga kwa sababu yalieleza mabega. Ilipenda mashine iliyopima ngumi yake mwaka 2017 na kutoa hesabu ya zaidi ya 129,000, kipimo ambacho nje ya matangazo sijui kinamsaidia nani. Katika simulizi hiyo, mwisho mwema ni kusajiliwa. Mtu akishafika UFC, hadithi imekwisha, na linalobaki ni shukrani. Ndiyo maana alipoanza kudai masharti mengine, wapo waliomwona kama mgeni aliyekaribishwa chakula kisha akaanza kukagua jiko.

Turudi nyuma kidogo. UFC ya kwanza ilifanyika Denver mwezi Novemba 1993, bila makundi ya uzito. Jitu na kijana mwembamba waliweza kukutana usiku mmoja. Bingwa wa kwanza wa uzito wa juu, Mark Coleman, alipatikana Februari 1997. Tangu hapo kundi hilo limekuwa na kasoro isiyotibika: watu ni wachache. Kikomo chake ni takriban kilo 120, na wanaume wenye mwili huo, wepesi wa miguu na tayari kupigwa usoni, wengi hupata kazi nyingine zenye malipo bora, hasa huko Marekani kwenye futiboli yao ya kofia ngumu. Uchache huu una matokeo mawili yanayovutana. Unamfanya bingwa wa uzito wa juu awe bidhaa adimu, kwa hiyo ana nguvu ya kudai; na kwa sababu hiyo hiyo kampuni ina kila sababu ya kumfunga kamba fupi. Mikataba ya UFC ilikuwa na kifungu kilichosema, kwa maneno ya mtaani, kwamba ukiwa bingwa mkataba unajiongeza wenyewe. Yaani kadiri thamani yako ilivyopanda ndivyo ulivyozidi kukosa ruhusa ya kwenda kuiuza kwingine.

Randy Couture aliligundua hilo mwaka 2007. Akiwa bingwa wa uzito wa juu alitangaza kujiuzulu, akitaka kupigana na Mrusi Fedor Emelianenko, aliyehesabiwa kuwa bora duniani na aliyekuwa nje ya kampuni. Aliambiwa kwamba bado amefungwa. Mambo yakaenda mahakamani, miezi ikapita, naye alikuwa ameshavuka miaka 40. Kwa mpiganaji wa umri huo mwaka mmoja ni mali nyingi. Mwishoni mwa 2008 alirejea, akapigwa na Brock Lesnar, na mkanda ukaenda zake. Fedor naye mwaka 2009 alizungumza na UFC, watu wake wakataka waandae mapambano kwa ubia, mazungumzo yakavunjika, akaenda kwa promota mwingine. Pambano lililosubiriwa na wapenzi wote wa mchezo halikufanyika kamwe. Wapiganaji wawili mashuhuri, njia mbili tofauti, na kila njia iliishia ukutani. Ukumbi wa mazoezi aliouanzisha Couture mjini Las Vegas ndio ambao Ngannou alikuja kujinoa baada ya kuondoka Paris. Sidai kwamba alifundishwa sheria za mikataba humo. Ila ni vigumu kufanya mazoezi chini ya jina la mtu bila kuijua habari yake.

Ndani ya kizimba kwenyewe, Ngannou alijifunza kusubiri kwa njia ya aibu. Aliingia UFC Desemba 2015, na miaka miwili baadaye akampiga Alistair Overeem ngumi ya kushoto ya kupandisha iliyomlaza raundi ya kwanza, picha ambayo bado inazunguka. Januari 2018 akapelekwa kwa Stipe Miocic kugombea mkanda. Alitupa ngumi zote dakika tano za kwanza, pumzi ikakata, na kwa raundi nne zilizobaki Miocic alimwangusha na kumlalia kama mtu anayekunja godoro. Julai mwaka huo alikutana na Derrick Lewis na ikawa kinyume chake: katika dakika 15 Ngannou alifikisha mapigo 11 tu, watu wakazomea. Kisha wakaja Blaydes, Velasquez, dos Santos na Rozenstruik, wanne mfululizo, na jumla ya muda aliotumia kwao wote ni sekunde 162. Hesabu hiyo ndiyo hurudiwa. Mimi naona zaidi raundi ya kwanza ya marudiano na Miocic, Machi 2021. Miocic alijitupa miguuni kama alivyofanya miaka mitatu nyuma. Safari hii Ngannou alirusha nyonga nyuma, akamkandamiza, akazunguka hadi mgongoni, akapiga, kisha akamwachia asimame. Hakumkimbilia. Raundi ya pili, sekunde ya 52, ngumi ya kushoto ilimaliza kazi. Mtu aliyeifanya kazi ile alikuwa ameshajua kwamba pumzi ni akiba.

Akiba hiyo ndiyo aliyoipeleka mezani. Kwa pambano la Gane, tume ya michezo ya California ilionyesha malipo yake kuwa dola 600,000. Ni fedha nyingi hadi uzilinganishe na nyumba zilikotoka: kampuni ilikuwa imeuzwa mwaka 2016 kwa takriban dola bilioni 4, na nyaraka za kesi zilizofunguliwa dhidi yake zilionyesha wapiganaji wakigawiwa karibu sehemu moja ya tano ya mapato au pungufu, wakati wachezaji wa kikapu wa Marekani hupata karibu nusu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyopewa jina la Muhammad Ali inamlinda bondia dhidi ya mikataba ya kumfunga, lakini haimgusi mpiganaji wa mapigano mchanganyiko. Ngannou alidai bima ya afya kwa wapiganaji, mtu wa kuwasemea kwenye vikao vya kampuni, na ruhusa ya kuvaa wadhamini wake mwenyewe. Alipokataliwa hakwenda mahakamani kama Couture. Kufikia wakati wake mikataba ilikuwa imewekewa ukomo wa miaka mitano, na wake uliisha Desemba 2022. Alifanyiwa upasuaji wa goti, akakaa. Januari 2023 kampuni ikatangaza kwamba imemwachia na mkanda uko wazi. Bingwa aliyekuwa hajapigwa tangu atwae mkanda alitoka mlangoni kwa miguu yake.

Kuna wanaosema kwamba bila UFC asingekuwa na jina la kuuza. Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba bila yeye UFC isingekuwa na pambano la kuuza usiku ule wa Anaheim. Na mwajiri aliyekujengea jina ameshajilipa katika kila tiketi. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la bahati. Ngannou alitoka wakati hasa ambapo fedha za Saudia zilikuwa zinatafuta ndondi. Oktoba 2023, Riyadh, alimwangusha Tyson Fury raundi ya tatu katika pambano lake la kwanza la ndondi za kulipwa, akapoteza kwa majaji kugawanyika. Mmoja alimpa ushindi wa 95 kwa 94. Mwenyewe amesema usiku huo mmoja ulimlipa kuliko miaka yake yote UFC. Machi 2024 Anthony Joshua alimwangusha mara tatu na kumaliza raundi ya pili, pasipo mjadala. Basi, Riyadh ilikuwa bahati? Nakubali nusu. Couture alipotaka kuondoka hapakuwa na mnunuzi wa aina hiyo. Lakini mnunuzi hawezi kumnunua aliyefungwa, na Ngannou alikataa fedha za UFC mwaka mzima kabla Fury hajawa pambano la uhakika.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua: aliondoka peke yake. Katika kampuni aliyohamia, PFL, alipata cheo cha uenyekiti wa tawi la Afrika, lililoanza mashindano mwaka 2025 na kufika hadi Kigali, na masharti kwamba mpinzani wake alipwe si chini ya dola milioni 2. Renan Ferreira alifaidika na hilo Oktoba 2024, ingawa alilazwa raundi ya kwanza. Zaidi ya hapo, hakuna msururu wa mabingwa waliomfuata. Mpiganaji wa kilo 57, ambaye kuna mamia kama yeye, hana uchache wa kuutia mizani. Kilichowafikia wengi kilitoka kwenye kesi ya wapiganaji dhidi ya UFC iliyofunguliwa mwaka 2014, iliyomalizwa kwa dola milioni 375 kwa waliopigana kati ya Desemba 2010 na Juni 2017. Ukomo wa miaka mitano nao ulizaliwa kampuni ilipokuwa chini ya shinikizo la kesi hiyo. Hivyo mlango aliopitia Ngannou ulikuwa umelegezwa bawaba na wenzake ambao majina yao hayajazi ukumbi. Waliopigana baada ya Juni 2017 wana kesi yao, inayoendelea, na wengi wao wameshatia saini mikataba mipya yenye kifungu cha kuwazuia kushtaki kwa pamoja.