Askari katika nyumba isiyo na mwenyewe

Wapiganaji wa Rwandan Patriotic Front (RPF) walipoitwaa Kigali, mji mkuu wa Rwanda, tarehe 4 Julai 1994, nyumba nyingi hazikuwa na watu. Wenyewe waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, au walikimbilia Zaire na kwingineko. Walioziingia ni wakimbizi wa Kitutsi walioikimbia nchi tangu 1959 na sasa wakarejea kutoka nchi jirani, na pia wanajeshi. Katika mji ambao familia ya mtaa kama Rwezamenyo, jirani na Nyamirambo na Biryogo, haina mali kubwa kuliko paa lake, hilo halikuwa jambo dogo.

Kuhusu askari kukaa katika nyumba za watu, wanasheria hupenda kuitaja Marekani. Marekebisho ya Tatu ya katiba yake, ya mwaka 1791, yanakataza askari kupangiwa nyumba ya mtu wakati wa amani bila ridhaa ya mwenyewe. Ni kinga nzuri, lakini inamtazamia mwenye nyumba aliye mlangoni, awezaye kusema hapana. Kigali, mwenyewe hakuwepo. Ndiyo maana naona Itifaki ya Arusha ya tarehe 9 Juni 1993, kati ya serikali ya Rwanda na RPF kuhusu kurejea kwa wakimbizi, iliukaribia zaidi ukweli wetu: iliwapa wakimbizi haki ya kurudishiwa mali zao, huku ikipendekeza kwamba aliyeondoka zaidi ya miaka 10 asidai nyumba inayokaliwa na mwingine. Mwaka 1995 mikataba ya Arusha, itifaki hiyo ikiwemo, ikaingia katika Sheria ya Msingi ya Rwanda. Kwa hiyo mpaka ulikuwepo kwenye karatasi. Kilichopungua ni njia ya kuudai. Taarifa za haki za binadamu za miaka ile zinasimulia wenye nyumba waliodai chao wakaishia kushtakiwa kuwa wauaji, wengine kwa haki, wengine ili tu wanyamaze.

Atasema mtu: bila askari, nyumba hizo zingeporwa mpaka mabati. Huenda. Lakini mlinzi huandikisha alichokabidhiwa na siku ya kukirudisha, na vita havikuzuia kuandika. Wengine watasema katiba ya sasa ya Rwanda yatosha, kwani ibara ya 23 inakataza kuingia nyumbani bila idhini ya mwenyewe, isipokuwa kwa mujibu wa sheria, na ya 34 inalinda mali binafsi. Zote mbili hazimtaji mwanajeshi, na ile ya kwanza bado inamtegemea mwenyewe awepo. Kinachohitajika ni sheria inayosema nani hutoa amri ya kukaa, kwa muda gani, na nani humwakilisha mwenye nyumba aliye uhamishoni.