Kicho, Neno Nililolikata kwa Wino Mwekundu

Miaka mingi iliyopita, katika zoezi la tafsiri, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alilifasiri neno la Kiingereza "awe" kwa neno "kicho". Nililikata kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake "hofu". Hakubisha, ila sikuliona tena neno hilo katika daftari lake. Leo, nikiwa mstaafu, naungama kwamba aliyekosa ni mimi.

Asili ya "awe" ni "agi", neno la Kinorse cha kale lenye maana ya hofu kuu. Lilifika Uingereza pamoja na watu wa Skandinavia waliolowea huko tangu karne ya 9. Hapo mwanzo lilikuwa hofu tupu. Lakini kwa kutajwa mara kwa mara pamoja na Mungu, likaingiwa na heshima. Kufikia 1755, Samuel Johnson alilieleza katika kamusi yake kuwa ni woga wenye heshima. Watoto wake hawakufuata njia moja. "Awful", lililokuwa sifa ya jambo la kutisha na kutukuka, lilishuka katika karne ya 19 likamaanisha kibaya tu. "Awesome" nalo, vinywani mwa vijana wa Marekani wa miaka ya 1980, likawa sifa ya chochote kipendezacho.

Tutazame kwetu. Kitenzi -cha, ambacho si kile cha kupambazuka, kimebeba hofu na heshima kwa pamoja. Wahenga walisema: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Hapo pana woga mtupu. Lakini mcha Mungu si mwoga. Waislamu na Wakristo humwita hivyo mtu anyenyekeaye mbele ya Muumba wake. Katika kitenzi hicho ndimo tulimopata kicho na uchaji. Hofu, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, haitoshi hapa: mwenye hofu hukimbia, mwenye kicho husimama, akainamisha kichwa.

Kwa hiyo mwanafunzi yule alikuwa amepata neno lenyewe hasa. Maneno mengine hufa kwa kalamu zetu sisi walimu. Washairi, hiki kicho kina silabi mbili tu na vina vyake si haba. Kirudisheni katika beti zenu. Nawe mwanafunzi wangu, popote ulipo, alama yako nakurudishia.