Mombasa hadi Moi's Bridge kwa ndege: umbali na saa za safari

Simu ikija alfajiri kutoka Moi's Bridge kwamba jamaa amefariki na atazikwa leo leo, swali la mtu wa Mombasa ni moja: nitawahi? Hapo hesabu ya kilomita pekee haitoshi. Kinachotakiwa ni hesabu ya saa.

Moi's Bridge, zamani Hoey's Bridge, ni mji mdogo wa kaunti ya Uasin Gishu, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale. Wengi hushukia uwanja wa ndege wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka 1997.

Kwa mstari ulionyooka, Mombasa hadi Eldoret ni takriban kilomita 690. Nairobi imekaa juu ya mstari huo huo: kilomita 420 kutoka Mombasa, kisha 270 hadi Eldoret. Kwa hivyo anayebadilisha ndege Nairobi hazunguki. Anachopoteza ni muda wa kungoja. Hewani ni karibu saa moja hadi Nairobi, na chini ya saa moja kutoka hapo hadi Eldoret.

Tuchukue mfano. Ndege yako yaondoka Mombasa saa mbili asubuhi, basi uwe uwanjani saa moja kasorobo. Wa Likoni aongeze na foleni ya feri. Saa tatu uko Nairobi. Ukipata ndege ya saa tano, utashuka Eldoret kabla ya saa sita. Kutoka uwanjani hadi Moi's Bridge ni zaidi ya kilomita 60 za barabara, kwa kupitia Eldoret mjini. Kadiria saa moja na nusu. Utafika saa saba na nusu mchana.

Kwa hivyo maziko ya baada ya Alasiri utayawahi. Ya baada ya Adhuhuri hutayawahi, ijapokuwa Adhuhuri ya Eldoret huingia kama dakika 17 baada ya ya Mombasa, kwa kuwa mji uko magharibi zaidi.

Kabla ya kulipa, tazama jambo moja. Baadhi ya ndege za Eldoret huondokea uwanja wa Wilson, si Jomo Kenyatta unaposhukia ukitoka Mombasa. Kuvuka Nairobi kwenye msongamano kwaweza kukuachisha ndege.

Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800. Basi la usiku hadi Nairobi, kisha matatu ya Eldoret na nyingine ya Moi's Bridge, ni safari ya saa 16 au zaidi. Hiyo ni ya kwenda matangani, si ya kuwahi janaza.

Chukua na sweta. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari.

Na ukishapiga hesabu, wapigie jamaa uwape saa ya kweli. Sunna ni kuharakisha maziko. Ikiwa huwahi, sema mapema wakazike, nawe utafika kuomba dua kaburini.