Mshirika, si mtetezi

Mwanamume anayepinga ubaguzi wa kijinsia kazini tumwite nani? Wengi husema mtetezi. Mimi nachagua mshirika, na sababu yangu iko sokoni.

Mtetezi humsemea mtu. Mama lishe wa soko la Kisutu au muuza nguo wa soko la Mchikichini hajapungukiwa maneno. Anachokosa ni mtu wa pili wa kusema vilevile. Mshirika katika biashara ana hisa, na hasara humgusa. Mwanamume wa meza ya jirani yuko hivyo, maana soko likichafuka kwa matusi ni soko lake pia.

Ubaguzi huu mara nyingi hauji na ngumi. Ni "mrembo" badala ya jina, ni kung'ang'ania mkono wakati wa kupokea chenji, ni mteja anayemaliza wali kisha akasema atalipa usiku, nyumbani kwa mama. Mama akikasirika, jibu liko tayari: "Natania tu, dada." Jibu hilo lisipite hapa Dar es Salaam, maana utani tunaujua. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani wa miaka mingi, na kila mmoja ana haki ya kumrudishia mwenzake, hata msibani. Mama lishe akirudishia ataitwa mjeuri na kupoteza mteja. Huo si utani, na mshirika aliseme hilo palepale, kwa mwanamume mwenzake: "Kaka, acha. Lipa chakula cha watu."

Shirika la Equality for Growth lilipoendesha kampeni katika masoko ya Ilala na Temeke, kaulimbiu ilikuwa "Mpe Riziki, Si Matusi". Naipenda kwa sababu inamwamrisha anayetukana. Haimwambii mwanamke avumilie. Kampeni ilidai pia kanuni za soko za kuwaadhibu watukanaji.

Kanuni hizo zinahitajika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inauhesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi, lakini inamlinda mwajiriwa, na mwenye meza hana mwajiri. Udhalilishaji wa kijinsia ni kosa la jinai kwa sheria ya 1998, ila kesi hupata nguvu kwa shahidi. Na hapo ndipo wanaume wengi wa Kariakoo hupotea: wameona wote, wamecheka baadhi, na kamati ya soko ikiita hakuna aliyekuwepo. Mshirika hufunika bidhaa zake, akamwachia kijana meza, akaenda kueleza alichokiona.