Jiwe Chini ya Migomba

Ukifika Tabaka siku ya jua kali utadhani gunia la unga limepasuka barabarani. Majani ya migomba ni meupe, ua ni mweupe, hata mbwa. Ni vumbi la mawe ya sabuni. Sisi wa huko tunajua tumefika nyumbani pale abiria wa matatu kutoka Kisii mjini wanapoanza kupiga chafya.

Watalii huambiwa Tabaka ni kijiji cha wachongaji. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Ni kijiji cha wakulima ambao mashamba yao yamelala juu ya jiwe. Juu kuna mahindi, ndizi, miwa na chinsaga ya mboga. Chini kuna jiwe jeupe, la waridi, la kijivu, lingine lina mishipa ya kahawia. Linachimbwa kwa sururu, mtaimbo na mgongo wa mtu. Likitoka ardhini bado lina unyevu, ni laini, panga linalikata.

Kabla mtalii hajafika, Abagusii walichonga mbao za bao na vyombo vya nyumbani. Kisha soko likabadilika na jiwe nalo likabadilika: tembo, twiga, kiboko. Mimi nilikua nikiona viboko wa kila saizi, na sijawahi kuona hata mmoja akitembea Mugirango Kusini!

Jiwe la aina hii lina ukoo mkubwa. Ndege wa Great Zimbabwe, yule aliye kwenye bendera, ni wa mawe ya sabuni. Sanamu ya Kristo kule Rio de Janeiro, iliyozinduliwa 1931, imevishwa vigae vyake. Na hapa kwetu Tabaka ndiko alikotoka Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Huyo jina lake linajulikana. Lakini kile kibakuli ulichonunua Nairobi cha kuwekea funguo kina kibandiko kinachosema Kenya, basi.

Na hata ukimtafuta mchongaji, umemkosa mtu mmoja. Wanaume huchimba na kuchonga, halafu kazi huenda kwa wanawake. Wanaketi na beseni la maji na msasa, wanasugua, wanaosha, wanasugua tena, mpaka kitu kinang'aa. Magokoro wangu alifanya hivyo miaka na miaka. Alama za vidole vyake zilifutika. Karo ya baba yangu ilitoka kwenye beseni lile, kwa hiyo usije ukamwambia ati jiwe ni baya.

Ndiyo maana alitushangaza Desemba iliyopita. Baba alitaka kumkodisha mchimbaji sehemu ya chini ya shamba. Hesabu zake zilikuwa sawa: shamba ni dogo, na sisi ni wengi. Si sisi tu. Sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba katika kaunti ya Kisii. Mahindi ya kipande kile hayafiki Machi.

"Mahindi nikivuna napanda tena," Magokoro akasema. "Jiwe nikivuna napanda nini?"

Hakuna aliyemjibu. Sote tunayajua mashimo ya zamani. Mchimbaji akimaliza anahama, na mara nyingi shimo linabaki wazi. Mvua ikinyesha linajaa maji, na kuta zikilowa huporomoka. Zimeua watu. Shimo halijui mpaka pia, linafuata jiwe linakoelekea, na kwetu jiwe linapanda kuelekea nyumbani. Nyumbani ndiko tunakozika.

Walibishana siku mbili. Mimi, msomi wa Nairobi, nilipewa kazi ya kushika kamba ya kupimia. Mwishowe wakakubaliana nusu kwa nusu: migomba ya chini iende, ile ya juu ibaki. Baba akachukua nyundo.

Kigingi kilipigwa hatua 40 kutoka kaburi la babu. Magokoro alizihesabu mwenyewe, akarudi mwanzo, akazihesabu tena.