Ubaguzi wa rangi, ukatili na matusi: tofauti za maana na matumizi

ubaguzi *nm* [u-] 1. tendo au tabia ya kumtenga mtu au kundi la watu na kuwanyima haki, heshima au nafasi wanayopewa wengine, kwa kigezo cha asili, rangi, kabila, dini, jinsia au hali yao ya maisha. 2. (*ubaguzi wa rangi*) ubaguzi ambao kigezo chake ni rangi ya mwili au nasaba inayohusishwa na rangi hiyo. *Kitenzi:* bagua. *Mnyambuliko:* baguana, bagulia, baguliwa. *Maneno ya jamii moja:* mbaguzi, kibaguzi.

Msingi wa tofauti

Kitenzi *bagua* maana yake ya kwanza ni kutenga kitu na vingine kwa kufuata alama fulani. Kwa hiyo hakuna ubaguzi pasipo kigezo. *Ukatili* hauhitaji kigezo: mkatili humwumiza yeyote aliye chini ya mkono wake. *Tusi* nalo huhitaji ulimi tu. Anayetaka kujua kama jambo ni ubaguzi asianze kwa kuuliza lilikuwa kali kiasi gani, bali aulize: watu walipangwa kwa kigezo gani, na waliopangwa upande wa pili walipoteza nini?

Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalifafanua neno *kubagua* kwa njia iyo hiyo. Inataja vigezo, kama vile utaifa, kabila, rangi na dini, kisha inataja matokeo: watu wa aina fulani kuhesabiwa duni na kuwekewa vikwazo ambavyo wengine hawawekewi.

Maneno yanayokaribiana

- *ukatili*: kuumiza bila huruma. Msimamizi wa shamba la kahawa anayewapiga vibarua wote, wa kila asili, ni mkatili. Bado hajathibitika kuwa mbaguzi.
- *matusi, kashfa*: maneno ya kumvunjia mtu heshima. “Mjinga wee!” ni tusi. Likiunganishwa na asili ya mtu, yaani kwamba ni mjinga *kwa kuwa* ni wa rangi au kabila fulani, huwa *tusi la kibaguzi*.
- *ukabila*: ubaguzi ambao kigezo chake ni kabila. Mwenye nyumba asiyempangishia mtu kwa sababu ya kabila lake ametenda ukabila, si ubaguzi wa rangi.
- *unyanyapaa*: kumtenga mtu kwa sababu ya ugonjwa au hali inayodhaniwa kuwa ya aibu.
- *upendeleo*: kumpa mtu asichostahili kwa sababu ya undugu, urafiki au maslahi.
- *utani*: mzaha uliokubalika kimila, kama ule wa Wachaga na Wapare. Masharti yake ni kwamba kila upande una haki ya kujibu, na hakuna anayepoteza kitu. Maneno yayo hayo yakitamkwa na mwajiri mbele ya mwombaji kazi si utani tena.

Kielelezo: Engare Nanyuki, 1951

Historia ya Mlima Meru inatoa mfano ulio wazi kuliko mingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza iliyokuwa ikiitawala Tanganyika chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa ilimteua Jaji Wilson kuchunguza ugawaji wa ardhi katika maeneo ya Meru na Kilimanjaro. Taarifa yake ya mwaka 1947 ilipendekeza maeneo yapangwe upya ili mashamba ya walowezi yawe pamoja, pasipo kuchanganyika na ardhi ya Waafrika. Kwa mpango huo, mwezi Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 walianza kuhamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao iwe ya ufugaji wa Wazungu. Nyumba zilichomwa moto na mifugo ilikufa.

Wameru walipeleka shauri lao Umoja wa Mataifa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, alilieleza mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York. Baadaye mwaka huo azimio la kuwaunga mkono lilikosa theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu.

Msomaji atenganishe mambo mawili hapa. Kuchoma nyumba ni *ukatili*. Kuamua kwamba ardhi hii ni ya Mzungu na ile ni ya Mwafrika ni *ubaguzi wa rangi*. Tuseme hakuna nyumba iliyochomwa, kila familia ililipwa fidia kamili, na maofisa walizungumza kwa adabu tangu mwanzo hadi mwisho: ukatili ungepungua sana, lakini ubaguzi ungebaki vilevile. Taarifa ya 1947 haikuhitaji tusi hata moja. Anayeutambua ubaguzi kwa ukali wa maneno tu angeisoma na kuipitisha.

Jina linapokuwa silaha

Kosa la upande wa pili ni kudhani kwamba maneno hayana uzito kamwe. Katika Rwanda ya mwaka 1994, redio RTLM iliwaita Watutsi *inyenzi*, yaani mende. Mtu mmoja kumwita jirani yake mende wakati wa ugomvi ni tusi. Kuliita kundi zima la watu kwa jina la mdudu wa kuangamizwa, huku wakiuawa, ni jambo jingine. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, iliwatia hatiani mwaka 2003 watu watatu waliohusika na redio hiyo na gazeti *Kangura*. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini haikuwaachia huru.

Mfano wa kila siku

Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Je, huo ni ubaguzi wa rangi? La. Kigezo ni uraia na ukaazi: Mmarekani mweusi hulipa kama mgeni, na Mtanzania mwenye asili ya Ulaya hulipa kama raia. Lakini mchuuzi anayeutazama uso wa mteja na kupandisha bei kwa sababu ya rangi yake ametumia rangi kuwa kigezo. Madhara yake ni madogo mno yakilinganishwa na kunyang'anywa ardhi, na haifai kuyaweka kwenye mizani moja. Hata hivyo kigezo kimebadilika. Neno *Mzungu* lenyewe si tusi: hutegemea anayelitamka na nia yake.

Ushauri kwa watafsiri na walimu

1. Usiandike *ubaguzi* peke yake pale matini chanzi inapotaja rangi au nasaba, taja kigezo.
2. Chagua kitenzi kwa uangalifu. *Ametukanwa*, *amenyanyaswa* na *amebaguliwa* ni madai matatu tofauti, na kila moja huhitaji ushahidi wake.
3. Jambo likiwa na sura mbili, zitaje zote: “Walihamishwa kwa ukatili, chini ya mpango wa kibaguzi.”
4. Usilipunguze neno kwa kulitumia kwa kila kero. Darasa linaloita kila karipio “ubaguzi” litakosa neno siku litakapokutana na ubaguzi wenyewe.
5. Wala usilifiche. Kumwandikia mtu aliyenyimwa kazi kwa rangi yake kwamba “hakutendewa vizuri” ni tafsiri pungufu.

*Mifano ya matumizi:* Kocha alikuwa mkali kwa wachezaji wote, lakini hakuwa mbaguzi. | Alibaguliwa kwa rangi yake ingawa hakuna aliyemtolea neno baya. | Sheria ile ilikuwa ya kibaguzi tangu kifungu cha kwanza.

*Tazama pia:* bagua, dharau, kimbari, mlowezi, ukabila, unyanyapaa, utani.